Kemu Moja, Valvu Mbili: Historia ya Uchakavu na Ufufuaji wa Mfumo wa Valvu katika Injini ya Honda CG125

Ikisiri

Makala haya yanachunguza historia ya injini ya pikipiki ya Honda CG125, iliyoingia sokoni katikati ya miaka ya 1970, kwa kuvitazama vipuri vya mfumo wake wa valvu: namna vinavyochakaa, vinavyobadilishwa na vinavyofufuliwa. Hoja inayojengwa ni kwamba injini hiyo ilisanifiwa kwa kudhani kuwa mmiliki hatafanya matengenezo, lakini maisha yake marefu yametegemea kazi ya mafundi ambao dhana hiyo haikuwahesabu. Pengo hilo kati ya dhana ya msanifu na utendaji wa gereji limerithiwa pia na sera za usafiri wa pikipiki katika Afrika Mashariki.

1.0 Utangulizi

Historia ya pikipiki katika ukanda wetu imezoea kusimuliwa kutoka barabarani. Inaanzia Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, ambako katika miaka ya 1960 waendesha baiskeli walivusha abiria na mizigo kutoka kituo kimoja cha mpaka hadi kingine, na jina la bodaboda likazaliwa. Kisha inasimulia jinsi injini ilivyochukua nafasi ya pedeli, jinsi vijana walivyopata ajira, na jinsi ajali zilivyojaza wodi za mifupa. Masimulizi hayo ni ya kweli na yana uzito wake. Kasoro yake ni kwamba yanaichukulia injini kama kitu kilichonunuliwa mara moja, kikafanya kazi, kisha kikafa.

Mwanahistoria David Edgerton, katika kitabu chake cha mwaka 2006, *The Shock of the Old*, alipendekeza historia ya teknolojia ifuate matumizi badala ya uvumbuzi, na akayapa matengenezo nafasi ambayo wanahistoria wengi walikuwa wameyanyima. Anayeufuata ushauri huo katika suala la pikipiki hana budi kuiondoa tangi, kulifungua pambo la hedi na kutazama roka zilizolika. Ndipo atakapoona kwamba injini moja iliyodumu barabarani miaka kumi na mitano kwa hakika ni injini kadhaa zilizorithiana ndani ya gamba lile lile.

Honda CG125 imechaguliwa hapa kwa sababu mbili. Ni miongoni mwa injini chache ambazo mfumo wake wa valvu ulibuniwa kwa makusudi kwa ajili ya nchi zinazoendelea. Aidha, nakala zake zilizotengenezwa China zimesambaa Tanzania, Kenya na mashariki ya Kongo kiasi kwamba fundi wa mtaa anayafahamu maumbile yake hata kama hajawahi kuiona CG halisi.

2.0 Kurudi nyuma kwa makusudi

Mwaka 1958 Honda ilitoa Super Cub C100, yenye injini ya sentimita 49 za ujazo ambayo valvu zake zilifunguliwa kwa pushirodi, yaani fimbo nyembamba zinazopeleka msukumo kutoka kwenye kemu iliyo chini hadi kwenye roka zilizo juu ya hedi. Katika miaka ya 1960 kampuni hiyo iliihamishia kemu juu, ndani ya hedi yenyewe, ikizungushwa kwa cheni. Mpangilio huo ulipunguza uzito wa vitu vinavyopanda na kushuka, ukaruhusu injini kuzunguka kwa kasi zaidi, na ukawa alama ya usasa. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1970, pushirodi ilionekana kama mambo ya kizazi kilichopita.

Hata hivyo wahandisi waliotumwa kuchunguza matumizi ya pikipiki katika nchi za Asia walirudi na taarifa isiyopendeza. Pikipiki zilibebeshwa mizigo kuliko uwezo wake, oili haikubadilishwa kwa wakati, na ratiba ya matengenezo iliyochapishwa kitabuni ilibaki kitabuni. Katika mazingira hayo kemu ya juu ilikuwa ndiyo ya kwanza kuumia. Katika injini ndogo za aina hiyo, kemshafti ilizunguka moja kwa moja ndani ya alumini ya hedi, bila beringi, mahali ambapo oili hufika mwisho. Oili ikipungua au ikigeuka tope, ukuta wa alumini huchubuka. Ukishachubuka, hakuna bushi ya kubadilisha: hedi nzima, kipuri cha bei kubwa, inakuwa imekwisha. Cheni nayo hurefuka, na isipokazwa hupiga na kula njia yake.

Jibu la Honda lilikuwa kurudi nyuma. CG125, yenye kipenyo cha silinda cha milimita 56.5 na mwendo wa pistoni wa milimita 49.5, iliiteremsha tena kemu hadi karibu na krenki na kuizungusha kwa gia. Hapakuwa na cheni ya kurefuka. Kemu iliyo chini ililoweshwa na oili inayorushwa na mzunguko wa krenki, hivyo hata oili haba iliifikia. Uchujaji wa oili uliachiwa wavu na kichujio kinachotumia nguvu ya mzunguko kusukumiza uchafu pembeni, bila karatasi ya kununua na kubadilisha.

Jambo la ajabu zaidi liko kwenye kemu yenyewe. Injini nyingi za namna hii zina nundu mbili kwenye kemshafti, moja kwa valvu ya kuingiza na nyingine kwa valvu ya kutoa moshi. CG125 ina nundu moja tu. Vipokeo viwili vilivyoegemezwa pande tofauti vinainuliwa na nundu hiyo hiyo kwa zamu, na kila kimoja kinaisukuma fimbo yake. Kwa jicho la mhasibu, huko ni kuokoa kazi ya kunoa nundu ya pili. Kwa jicho la fundi, maana yake ni kwamba nundu ikilika valvu zote mbili zinaumia pamoja, na kwamba kipuri cha kutafuta ni kimoja.

Uamuzi huu haukuwa umaskini wa ubunifu. Ulikuwa nadharia kuhusu mtumiaji: mtu asiyetunza. Nadharia hiyo ilipelekwa Manaus, Brazili, ambako kiwanda cha Honda kilianza mwaka 1976 kwa kuunda CG125, na baadaye Pakistani, ambako injini ya pushirodi ya CG125 iliendelea kuundwa hata baada ya kuingia karne hii.

3.0 Uchakavu unavyosomwa

Injini ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, kila valvu hufunguka mara 3,000 katika dakika hiyo, yaani mara 50 kwa sekunde. Kati ya roka na shina la valvu huachwa mwanya wa milimita 0.08, unaopimwa injini ikiwa baridi, ili chuma kipate nafasi ya kutanuka kinapopata moto. Historia yote ya uchakavu wa mfumo huu inaweza kusimuliwa kama historia ya mwanya huo mmoja.

Mwanya ukipanuka, sauti ya kugonga husikika. Ncha ya skrubu ya kurekebishia hubonyea, uso wa roka hutoboka vishimo vidogo, mhimili wa roka hulegea katika tundu lake, na ncha za pushirodi hupoteza duara lake. Haya yote huongeza mwanya na yote hupiga kelele, kwa hiyo yote humleta mteja gereji. Mwanya ukipungua, mambo hugeuka. Valvu inapokula kiti chake na kuzama ndani ya hedi, shina lake hupanda kuelekea roka, nafasi inajifunga, na injini inanyamaza. Mwenye pikipiki hufurahi. Kumbe valvu ya moshi haifungi tena sawasawa. Haigusi kiti kwa muda wa kutosha kupoza joto lake, na ukingo wake unaanza kuungua. Siku ambayo pikipiki itakataa kuwaka asubuhi, madhara yatakuwa yamekwisha kutokea wiki nyingi nyuma. Hapa ndipo fundi mzoefu anapotofautiana na mwanafunzi wake: mwanafunzi hushughulikia kelele, mzoefu huogopa ukimya.

Kipuri gani kinafufuliwa na kipi kinabadilishwa? Swali hili ni la metali kabla ya kuwa la fedha. Nundu ya kemu, uso wa vipokeo na uso wa roka vimefanywa vigumu kwa nje tu. Ndani ni chuma laini zaidi kinachostahimili mtikisiko bila kuvunjika. Gamba hilo gumu ni jembamba. Roka yenye mkwaruzo mdogo inaweza kulainishwa kwa jiwe la kunolea na oili, ikarudi kazini ikiwa na maisha. Ikinolewa kupita gamba hilo itang'aa vizuri mezani, lakini itaisha haraka, na unga wa chuma chake utasafiri na oili hadi kwenye pistoni. Hali kadhalika, kipokeo kipya juu ya nundu iliyolika ni fedha iliyotupwa, kwa kuwa nyuso hizo mbili hujifunza kuishi pamoja na uso mbovu humharibu mwenzake.

Valvu na kiti chake ndiyo sehemu inayofufulika zaidi. Kusaga valvu kwa pasta, kwanza ya chembe kubwa kisha ya chembe laini, hakuhitaji umeme wala mashine: kinachohitajika ni kijiti chenye mpira wa kunyonya, viganja viwili na subira. Alama ya kazi njema ni mkanda mwembamba wa kijivu, usio na pengo, kuzunguka uso wote. Kipimo chake ni cha bei rahisi vilevile. Petroli humiminwa katika njia ya hewa huku valvu ikiwa imefungwa na springi yake, na fundi husubiri kuona kama upande wa pili utalowa. Pushirodi huviringishwa juu ya kioo, iliyopinda hujionyesha yenyewe. Bushi ya valvu iliyopanuka ni kesi nyingine. Inataka kung'olewa na kupachikwa mpya katika hedi iliyopashwa moto, kisha ichongwe ndani kwa kipimo na kiti kinyooshwe upya ili kifuate mhimili mpya. Mahali pasipo na vifaa hivyo, bushi huachwa, sili mpya ya valvu huwekwa, na moshi wa buluu hurudi baada ya muda mfupi. Wengi humlaumu fundi kwa moshi huo. Lawama hiyo haimstahili yeye peke yake.

Baada ya yote, gia ya kemu hulinganishwa na gia ya krenki kwa alama zilizochongwa, sumaku huzungushwa hadi alama ya T ikutane na alama ya gamba katika pigo la mgandamizo, na mwanya unawekwa. Katika gereji nyingi za mtaani kipimo cha bamba hakipo, na mwanya husikilizwa kwa vidole kwa kuitikisa roka. Si sahihi kuiita njia hiyo ujinga, wala si sahihi kuitukuza. Kidole kilichofundishwa kinaweza kuutambua mwanya uliopitiliza. Kuitofautisha milimita 0.08 na 0.05 ni shida, na tofauti hiyo ndiyo inayoamua hatima ya valvu ya moshi.

4.0 Risasi, viti vya valvu na hoja ya wenye injini kuukuu

Kiti cha valvu kiliwahi kuwa suala la sera ya kimataifa. Tangu mwaka 1923, ilipouzwa kwa mara ya kwanza huko Dayton, Ohio, petroli yenye risasi ilitumiwa duniani kuzuia mlipuko wa mapema ndani ya silinda. Risasi hiyo ilikuwa na kazi ya pili isiyokusudiwa: masalia yake yalitandaza utando kati ya valvu ya moshi na kiti chake. Katika injini za zamani ambazo kiti kilichongwa moja kwa moja kwenye hedi ya chuma cha kuvalia, utando huo uliokoa kiti kisiliwe. Ilipopendekezwa risasi iondolewe kwa sababu ya sumu yake, hasa kwa ubongo wa watoto, mojawapo ya hoja zilizotolewa mara kwa mara kupinga ilikuwa kwamba magari na pikipiki kuukuu zingeharibika, na kwamba mzigo huo ungewaangukia maskini.

Hoja hiyo ilikuwa na chembe ya ukweli na ilikuwa na jibu, na jibu lilikuwa gereji. Kiti kilicholika huchongwa, pete ya chuma kigumu hupachikwa, na suala linakwisha. Hedi za alumini, kama ile ya CG125, hazikuwa hata na haja hiyo, kwani alumini ni laini mno kubeba valvu na tangu kiwandani huwekewa pete za chuma kigumu zaidi. Kundi kubwa la pikipiki za biashara lililokuwa likikua barani halikuwa na cha kupoteza. Azimio la Dakar la Juni 2001 liliweka lengo la kuondoa petroli yenye risasi Afrika Kusini mwa Sahara, na kufikia mwanzoni mwa mwaka 2006 uondoaji huo ulikuwa umefanyika, kwa msukumo wa ubia ulioratibiwa na Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa kutoka Nairobi. Algeria ikawa nchi ya mwisho duniani kuacha kuiuza kwa magari, mwaka 2021. Katika mjadala ule, ujuzi wa kubadilisha kiti cha valvu ulikuwa na thamani ya ushahidi wa kisera.

5.0 Nakala na namba zake

Kuanzia miaka ya 1990 viwanda vya China, vingi vikiwa Chongqing, viliunda injini za mfano wa CG kwa wingi usio na kifani. Historia ya kunakili huko inasomeka kwenye gamba la injini. Namba 156FMI humaanisha silinda moja, kipenyo cha takriban milimita 56, kupozwa kwa hewa, matumizi ya pikipiki, na ujazo wa daraja la 125. Namba 162FMJ ni daraja la 150. Anayefanya hesabu ataona jambo: kipenyo cha milimita 62 kwa mwendo ule ule wa milimita 49.5 hutoa sentimita 149 na kidogo za ujazo. Kwa maneno mengine, injini ya 150 ni CG ile ile iliyopanuliwa silinda. Ndiyo maana roka, vipokeo na kemshafti za chapa mbalimbali mara nyingi huingiliana, na duka dogo la spea linaweza kuhudumia pikipiki zenye majina kumi tofauti kwenye matangi.

Kuingiliana huko kulileta unafuu na hatari katika kifurushi kimoja. Bei ya kemshafti ilishuka hadi ikawa nafuu kubadilisha kuliko kufufua. Lakini umbo huigwa kwa urahisi kuliko ugumu. Gamba la nundu likiwa dhaifu, jicho halilioni na kaliper hailipimi. Mnunuzi hujua baada ya miezi michache, sauti ya kugonga inaporudi. Viwango vya ubora wa vipuri vinavyoangalia vipimo vya nje pekee haviwezi kukamata tofauti hiyo. Kipimo cha ugumu wa uso ndicho kingeweza.

Mwaka 2008 serikali ya Kenya iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwa pikipiki zisizozidi sentimita 250 za ujazo, na uingizaji ukaongezeka kwa kasi. Ulikuwa uamuzi kuhusu chombo, si kuhusu gereji. Dhana iliyoubeba inafanana na ile ya wasanifu wa CG: chombo kikishafika mikononi mwa mtumiaji, kitajitunza au kitakufa.

Ni vyema kukumbuka kwamba kulikuwa na jicho jingine. Mwaka 1972, wakati Honda ikitafakari mtumiaji asiyetunza, ujumbe wa Shirika la Kazi Duniani ulichapisha ripoti kuhusu Kenya iliyowaelezea mafundi wa sekta isiyo rasmi kuwa wenye tija na ubunifu waliokuwa wakibanwa na mamlaka. Miaka 20 baadaye, Waraka wa Kikao Namba 2 wa 1992 wa Kenya ulilitumia neno jua kali katika lugha ya serikali. Wahandisi na wachumi hao hawakuwa wakitazama nchi moja, kwa hiyo haifai kuwagonganisha kana kwamba walibishana. Hata hivyo tofauti ya macho yao inafundisha. Aliyetazama ratiba ya matengenezo ya kinga aliona utupu. Aliyetazama ukarabati baada ya kuharibika aliona kiwanda kizima chini ya mti. CG125 iliishi kwa sababu ya huo wa pili: kemu ya chini iliahirisha kifo, lakini waliorejesha uhai ni wasagaji wa valvu.

6.0 Kemu ya juu inarudi

Ingekuwa rahisi kuhitimisha kwamba pushirodi ilishinda. Haikushinda. Nchini Uganda na Rwanda, pikipiki za India kama Bajaj Boxer na TVS HLX, ambazo kemu yake iko juu na huendeshwa kwa cheni, zilitawala biashara ya abiria. Oili bora zaidi, bei ya ushindani na upatikanaji wa spea halisi vilifanya kemu ya juu ivumilike. Mafundi walijifunza upya: badala ya kuviringisha pushirodi juu ya kioo, wakajifunza kulinganisha alama za sproketi na kuisoma cheni. Utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi, kama ule wa VETA nchini Tanzania, ungefaa kupima mambo ya namna hii hasa: si kama mtahiniwa anaweza kuzitaja sehemu za injini, bali kama anaweza kuipa roka iliyolika hukumu ya haki, ifufuliwe au itupwe.

Swali hilo sasa lina haraka yake. Tangu Januari 2025 Rwanda imeacha kusajili pikipiki mpya za petroli kwa ajili ya kubeba abiria kibiashara mjini Kigali, na zinazoingia katika biashara hiyo zinapaswa kuwa za umeme. Mota ya umeme haina valvu, haina kemu, haina mwanya wa milimita 0.08. Ina betri, ambayo mara nyingi ni mali ya kampuni inayobadilishana betri na dereva, na ina kidhibiti cha kielektroniki ambacho hakifunguki kwa spana. Sehemu inayochakaa imehama tena, kama ilivyohama kutoka hedi kwenda chini mwaka wa CG, ila safari hii imehamia mahali ambapo mkono wa fundi wa mtaa haufiki bila ruhusa. Iwapo ruhusa hiyo itaandikwa katika leseni za kampuni, katika masharti ya uingizaji na katika mitaala, ni jambo linaloamuliwa sasa hivi, kampuni kwa kampuni na wizara kwa wizara.

Pikipiki za petroli zilizosajiliwa kabla ya tarehe hiyo ziliachwa ziendelee na kazi. Kila moja itafunguliwa hedi mara kadhaa kabla ya kuondoka barabarani, na kila mara mtu atapaswa kulitazama kiti cha valvu na kuamua.